Kutengeneza na Kupima Kichocheo cha Oksidi za Shaba na Seriamu: Mwongozo Kamili kwa Maabara ya Nairobi

Mwongozo huu unamlenga mtafiti anayeanza, mwanafunzi wa uzamili au mwalimu wa kemia mwenye maabara ya kadiri hapa Nairobi, ambaye anataka kutengeneza kwa mikono yake kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha) cha oksidi za metali kinachogeuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni dioksaidi, kisha akipime kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuirudia na kupata jibu lile lile. Nimechagua mfano mmoja tu, oksidi ya shaba juu ya oksidi ya seriamu, kwa kuwa hauhitaji dhahabu wala platini, unatengenezeka kwa bika, mizani na tanuri la umeme, na unahusika pia na seli za fueli (vifaa vinavyogeuza fueli kuwa umeme moja kwa moja) ambazo tutazifikia mwishoni.

Kaboni monoksaidi haina rangi, harufu wala ladha, na hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Hapa jijini tunaijua kwa vifo vya miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, jiko la makaa linapoingizwa chumbani na mlango kufungwa. Ni lazima niseme mapema kwamba kichocheo hakichukui nafasi ya dirisha lililo wazi: masizi na lami ya moshi hukifunika kwa muda mfupi, na chumba cha baridi hakikipi joto kinalohitaji. Kazi yake iko kwenye mabomba ya moshi wa injini, kwenye vifaa vya waokoaji na kwenye mitambo ya kusafisha hidrojeni.

Kwa nini shaba na seriamu

Vichocheo vya aina hii vina historia ndefu. Mchanganyiko wa oksidi za shaba na manganisi, uitwao hopkalaiti kwa majina ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na Chuo Kikuu cha California, ulibuniwa Marekani mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa ajili ya barakoa za gesi, na hadi leo unatumika. Hufanya kazi hata bila kupashwa joto, lakini unyevu huuzima. Oksidi ya kobalti nayo ni hodari sana: mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba vijiti vyake vidogo vya kiwango cha nanomita vinaoksidisha kaboni monoksaidi hata kwenye nyuzi 77 chini ya sifuri, mradi gesi iwe kavu. Hewa ya Nairobi mwezi wa Aprili si kavu, na gesi inayotoka kwenye injini au kwenye mtambo wa hidrojeni imejaa mvuke wa maji. Kwa hiyo chagua kichocheo kwa kuangalia gesi utakayokipitishia, usikichague kwa sifa zake zilizochapishwa.

Shaba na seriamu pia hupungukiwa nguvu palipo na maji, ila huvumilia zaidi, na sababu iko katika namna zinavyoshirikiana. Seriamu hubadilika kwa urahisi kati ya hali ya chaji ya +4 na +3, kwa hiyo fuwele ya oksidi yake inaweza kutoa oksijeni na kuipokea tena bila kuvunjika. Molekuli ya kaboni monoksaidi hukaa juu ya shaba, pale kwenye ukingo shaba inapogusana na seriamu, huchukua oksijeni kutoka kwenye fuwele na kuondoka ikiwa kaboni dioksaidi, ikiacha nafasi wazi. Oksijeni ya hewani huja kuijaza nafasi hiyo na mzunguko huanza upya. Mars na van Krevelen waliueleza utaratibu wa namna hii mwaka 1954, nao ndio unaoongoza kila hatua inayofuata: tunatafuta ukingo mwingi kadiri iwezekanavyo, maana yake chembe ndogo, shaba iliyosambaa vizuri na uso usio na uchafu.

Hesabu, maji na magadi

Tutatengeneza moli 0.05 za metali, shaba ikiwa atomi 10 katika kila 100. Pima gramu 19.54 za naitreti ya seriamu yenye molekuli sita za maji na gramu 1.21 za naitreti ya shaba yenye molekuli tatu za maji. Chumvi hizi hunyonya unyevu, kwa hiyo pima upesi na ufunge chupa mara moja. Zikigeuka zote kuwa oksidi, utapata gramu 8.14. Iandike namba hiyo kwenye daftari sasa, kwa sababu unga wako wa mwisho ukizidi uzito huo, ndani yake kumebaki kitu kisichotakiwa, na ukipungua sana, umeumwaga au umeupoteza kwenye maji ya kuchuja. Pamoja na sampuli hii, panga kutengeneza nyingine zenye shaba 5 na 15 katika 100, na oksidi ya seriamu tupu ya kulinganishia. Shaba ikizidi sana hukusanyika kuwa mabonge ya oksidi yake yenyewe yaliyo mbali na ukingo, nayo huongeza uzito tu.

Maji ya bomba ya Nairobi yametiwa klorini, na ya visima vingi jijini yana floridi nyingi. Kloridi ikibaki juu ya kichocheo hukidhoofisha, kwa hiyo tumia maji yaliyokenekwa tu. Ukiwa na shaka, chukua kiasi kidogo, tia tone la asidi ya naitriki kisha tone la naitreti ya fedha: yakigeuka meupe kama maji ya mchele, yana kloridi. Maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli yapimwe vivyo hivyo hata kama ni ya kusuuzia vyombo.

Kemikali ya kugandishia metali, yaani kuzitoa kwenye maji zikiwa mashapo, ni kaboneti ya sodiamu, yaani magadi. Ziwa Magadi liko zaidi kidogo ya kilomita 100 kutoka hapa na ningependa sana kukushauri uyatumie yale yale, lakini magadi ya asili yana chumvi na floridi, na yataharibu kazi. Nunua yale ya maabara, yeyusha gramu 53 katika lita moja ya maji upate myeyusho wa moli 0.5 kwa lita.

Kugandisha

Yeyusha naitreti zote mbili pamoja katika mililita 250 za maji. Katika bika ya lita moja tia mililita 100 za maji matupu, iweke juu ya kikorogeo cha sumaku chenye joto na uipashe hadi nyuzi 60 za Selsiasi, kipimo cha pH kikiwa ndani. Sasa dondosha myeyusho wa metali kutoka bureti moja na ule wa magadi kutoka bureti nyingine kwa wakati mmoja, ukirekebisha kasi ya magadi ili pH ibaki karibu na 9 muda wote. Kazi hii huchukua takribani saa moja na haitaki kuharakishwa. Kwa hesabu magadi yanayohitajika ni mililita 145, lakini utatumia zaidi kidogo ili kuishika pH hiyo.

Wengi humimina magadi ndani ya myeyusho wa metali kwa sababu ni rahisi. Tatizo ni kwamba shaba na seriamu hazigandi kwenye pH moja. Ukimimina hivyo, moja hutangulia na nyingine hufuata, na unaishia na unga wa aina mbili uliokaa bega kwa bega badala ya metali mbili zilizochanganyika. Vilevile usitumie amonia badala ya magadi. Amonia huishika shaba na kuirudisha kwenye maji, na utaiona dalili yake wazi: maji yanayopita kwenye karatasi ya kuchujia huwa ya buluu iliyokolea. Buluu hiyo ndiyo shaba yako inayoondoka.

Mashapo yakishakamilika huwa na rangi ya buluu iliyopauka inayoelekea kijani. Yaache yakorogeke kwenye nyuzi 60 kwa saa mbili, kisha uyachuje.

Kuosha

Hatua hii hupewa mstari mmoja katika maandishi mengi, nami naipa nafasi kubwa kwa kuwa ndiyo iliyoniangusha. Sampuli yangu ya kwanza ilihitaji karibu nyuzi 60 zaidi ya sampuli ya pili ili kufikia kiwango kile kile cha kazi, ilhali vipimo vya kemikali vilikuwa sawa. Nilirudia hesabu siku mbili nzima. Fundi wa maabara, mzee aliyekuwa karibu kustaafu, alisimama mezani pangu na kuniuliza, “Mwanangu, uliosha mara ngapi?”

“Mara tatu, mzee.”

“Na maji ya mwisho uliyapima?”

Sikuwa nimeyapima. Sodiamu iliyobaki huingia kwenye ule ukingo wa shaba na seriamu na kuufunika, na tanuri haliiondoi. Tangu siku hiyo sihesabu mara za kuosha. Naosha kwa maji yaliyokenekwa ya nyuzi 60, kila mara nikiyarudisha mashapo ndani ya bika na kuyakoroga upya, kwa kuwa maji yanayomwagwa juu ya tabaka lililo kwenye faneli hupita kwenye nyufa tu. Naendelea hadi upitishaji umeme wa maji yanayochujwa ushuke chini ya maikrosimensi 50 kwa sentimita. Mara nyingi huwa ni mara sita au saba. Usipokuwa na kifaa hicho, endelea angalau hadi pH ya maji yanayotoka ilingane na ya maji yanayoingia.

Maji ya kuchujia yenye shaba yakusanywe kwenye dumu, yasimwagwe kwenye sinki. Mto Nairobi una uchafu wa kutosha.

Kukausha na kuchoma

Kausha mashapo kwenye nyuzi 110 usiku kucha, uyasage kwa kinu cha kauri, kisha uyatandaze kwenye chombo cha kauri kwa unene usiozidi sentimita moja ili gesi itoke na hewa iingie. Pandisha joto la tanuri kwa nyuzi 2 kila dakika hadi 450, lishikilie hapo kwa saa nne, na uliache lipoe lenyewe. Unga hutoka ukiwa wa kahawia iliyokolea sana. Oksidi ya seriamu tupu huwa ya manjano iliyopauka, na ni vizuri kuziweka mbili hizi kando kwa kando ujionee shaba kidogo inavyobadilisha rangi.

Umeme ukikatika katikati ya kuchoma, andika saa na halijoto iliyokuwepo. Tanuri nyingi huanza upya programu umeme ukirudi, na sampuli iliyochomwa kwa saa nne si sawa na iliyochomwa kwa saa saba, kwa sababu chembe hukua kadiri zinavyokaa motoni. Ushauri wangu ni kuitupa sampuli ya namna hiyo na kuanza tena. Inauma, lakini wiki tatu za kupima kitu usichokijua zinauma zaidi.

Kutazama ulichotengeneza

Peleka unga kwenye kipimo cha eksirei cha kuchunguza fuwele. Ukitumia eksirei zinazotokana na shaba, oksidi ya seriamu hutoa vilele kwenye nyuzi za pembe 28.5, 33.1, 47.5 na 56.3. Oksidi ya shaba huonekana kwenye 35.5 na 38.7, na katika sampuli nzuri yenye shaba 10 vilele hivyo huwa hafifu au havipo kabisa, ishara kwamba shaba imesambaa. Ukubwa wa fuwele hupatikana kwa kanuni ya Scherrer: zidisha 0.9 kwa urefu wa wimbi, nanomita 0.15406, kisha ugawe kwa upana wa kilele katika radiani ukizidishwa kwa kosaini ya nusu ya pembe. Kilele cha 28.5 chenye upana wa nyuzi moja kamili, yaani radiani 0.01745, kinakupa takribani nanomita 8. Kumbuka kuondoa kwanza upana unaotokana na mashine yenyewe.

Eneo la uso kwa naitrojeni na upunguzaji kwa hidrojeni (kuiondolea oksidi oksijeni yake) ni vipimo vyenye faida ukivipata; cha pili hasa, kwa kuwa shaba iliyosambaa hupunguzwa kwenye halijoto ya chini kuliko mabonge ya oksidi ya shaba.

Usalama kabla ya gesi

Gesi yenye kaboni monoksaidi asilimia 1 katika naitrojeni haiwezi kulipuka, kwani mlipuko huhitaji angalau asilimia 12.5 hewani. Lakini asilimia 1 ni sehemu 10,000 katika milioni, kiwango kinachoua kwa dakika chache. Funga mtungi kwa mnyororo, fanya kazi ndani ya kabati la kufyonza gesi, toa bomba la mwisho nje ya jengo, weka king'ora kinacholia kwenye sehemu 35 katika milioni, na usifanye kazi hii peke yako hata siku moja. Usipitishe gesi hii juu ya unga wa nikeli kwenye joto la chini, kwa sababu huzaa nikeli kaboneli, sumu kali kuliko hata kaboni monoksaidi yenyewe. Agiza mtungi wa alumini ukiweza: ndani ya mtungi wa chuma gesi hii huunda polepole mvuke wenye chuma ambao hufika kwenye kichocheo chako na kuacha kutu juu yake.

Kupima kazi ya kichocheo

Gandamiza unga uwe kidonge, ukivunje na uchekeche upate punje za maikromita 180 hadi 250. Chukua miligramu 100, uzichanganye na mchanga wa kwatzi uliooshwa kwa asidi, na uziweke katika bomba la kwatzi lenye upana wa ndani wa milimita 6, zikizuiwa na sufi ya kwatzi pande zote. Tanuri dogo la kulizunguka bomba si lazima liagizwe ng'ambo. Mafundi wa mtaa wa Kariobangi hapa jijini hulitengeneza vizuri kwa waya wa kupashia joto na sufi ya kauri, ukiwapa vipimo sahihi. Themokapo, yaani waya wa kupimia joto, iguse punje zenyewe, isiwe ukutani mwa tanuri.

Gesi inayofaa kuanzia ni kaboni monoksaidi asilimia 1, oksijeni asilimia 10 na naitrojeni iliyobaki, kwa jumla ya mililita 100 kwa dakika. Hapa mwinuko wa Nairobi unaingia kwenye hesabu, na nimeona ukisahauliwa mara nyingi. Shinikizo la hewa hapa ni takribani kilopaskali 83, si 101.3 kama pwani. Ukipima mtiririko kwa mita ya povu la sabuni kwenye nyuzi 20, mililita 100 unazoziona ni sawa na 76 tu katika hali sanifu. Kwa mtiririko wa mililita 100 sanifu zenye gesi asilimia 1, kichocheo cha gramu 0.1 kinachogeuza asilimia 10 kina kasi ya maikromoli 0.74 kwa sekunde kwa gramu. Kwa mililita 100 za Nairobi zisizorekebishwa, kasi ya kweli ni 0.57. Anayesahau huripoti kasi inayozidi ukweli kwa takribani asilimia 30, na msomaji wa Mombasa akirudia jaribio atashindwa kuelewa tofauti imetoka wapi.

Kabla ya kichocheo, pima bomba tupu, kisha bomba lenye mchanga peke yake, hadi nyuzi 400. Yakionyesha kazi yoyote katika eneo lako la kupimia, safisha na urudie. Halafu safisha kichocheo kwa hewa kavu kwenye nyuzi 300 kwa saa moja, kipoze, uingize gesi, na upande ngazi kwa ngazi, nyuzi 10 kila mara, ukisubiri dakika 20 kabla ya kusoma. Ugeuzaji ni tofauti ya kaboni monoksaidi inayoingia na inayotoka, ikigawanywa kwa inayoingia. Pima pia kaboni dioksaidi: iliyozaliwa ilingane na kaboni monoksaidi iliyotoweka, tofauti isizidi asilimia 5. Isipolingana, usiendelee hadi ujue kaboni imekwenda wapi.

Andika halijoto ya ugeuzaji wa nusu na ya asilimia 90, wakati wa kupanda na wa kushuka. Mistari hiyo miwili isipolala pamoja, chunguza joto la mmenyuko wenyewe. Kila moli ya kaboni monoksaidi hutoa kilojuli 283, kiasi kwamba gesi ya asilimia 1 ikiungua yote bila kupoteza joto hupanda karibu nyuzi 100. Kwa sababu hiyo kasi na nishati ya kuamsha mmenyuko zihesabiwe kwenye ugeuzaji ulio chini ya asilimia 15 peke yake, ambapo joto hilo ni dogo.

Mwisho, chagua halijoto ya ugeuzaji wa nusu, pitisha gesi kwa saa 24, kisha ongeza mvuke wa maji kwa kuipitisha naitrojeni kwenye chupa yenye maji. Usipime uimara kwenye ugeuzaji wa asilimia 100: kichocheo kinaweza kupoteza nusu ya nguvu zake na bado kikaonyesha 100 kwa kuwa kilikuwa na ziada. Kwa anayelenga injini, afahamu pia kwamba salfa hukiua kichocheo hiki kwa kuunda salfeti juu yake, na dizeli ya Afrika Mashariki, hata baada ya kiwango kushushwa hadi sehemu 50 katika milioni mwaka 2015, bado ina salfa.

Kuelekea seli za fueli

Seli ya fueli yenye utando unaopitisha protoni hufanya kazi karibu na nyuzi 80, na platini ya anodi yake (upande unaopokea fueli) huzibwa na kaboni monoksaidi hata ya sehemu 10 katika milioni. Hidrojeni inayotokana na gesi asilia au methanoli hubaki na asilimia 0.5 hadi 1 ya kaboni monoksaidi baada ya hatua za kawaida za kuisafisha. Kichocheo chetu kinapaswa kuiunguza hiyo peke yake na kuiacha hidrojeni iliyo nyingi mara hamsini au zaidi, na shaba juu ya seriamu ina uteuzi huo kwa kiwango kizuri mno.

Badili gesi iwe kaboni monoksaidi asilimia 1, oksijeni asilimia 1 na hidrojeni asilimia 50. Uteuzi ni nusu ya kaboni monoksaidi iliyotoweka, ikigawanywa kwa oksijeni iliyotoweka. Joto likipanda, uteuzi hushuka, kwa sababu shaba huanza kupunguzwa na hidrojeni huungua. Unachotafuta ni upana wa eneo la halijoto ambalo ugeuzaji uko juu na uteuzi haujaanguka. Baada ya hapo ongeza kaboni dioksaidi asilimia 15 na maji asilimia 10, maana ndiyo gesi halisi ya mtambo, na eneo hilo litasogea kwenye joto la juu zaidi. Hidrojeni hulipuka kati ya asilimia 4 na 75 hewani, kwa hiyo jaribu uvujaji wa kila kiungo kwa maji ya sabuni kabla ya kuifungua.

Katika seli ya fueli ya oksidi ngumu mambo hugeuka, kwani kwenye nyuzi 700 kaboni monoksaidi huwa fueli. Anodi ya kawaida ya nikeli huziba kwa kaboni ikipewa fueli zenye kaboni. Mwaka 2000 kundi la Gorte na Vohs wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilionyesha kwamba anodi ya shaba na seriamu inaweza kutumia fueli hizo moja kwa moja: shaba hubeba elektroni, seriamu hufanya uchochezi. Ugumu ni kwamba shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, ilhali zirkonia yenye itria, kauri inayopitisha ioni za oksijeni ndani ya seli, huchomwa juu ya 1,300, kwa hiyo haziwezi kuchomwa pamoja. Tengeneza kwanza tabaka la zirkonia lenye vinyweleo na ulichome peke yake, kisha lilowanishe kwa naitreti ya seriamu na uchome kwenye nyuzi 450, ukirudia hadi upate uzito uliokusudia. Shaba iingie mwisho kwa njia hiyo hiyo, na ipunguzwe kwa hidrojeni ndani ya seli yenyewe. Iendeshe seli hiyo kwenye nyuzi 700 wala si 800, kwa maana juu ya hapo chembe za shaba hukusanyika, njia zake za kupitishia umeme hukatika, na ukinzani wa seli huanza kupanda siku hadi siku.